Tumeshinda Matrah

Juzi kijana mmoja wa wizarani alinialika nyumbani kwake Al Khuwair, akanionyesha kwenye kompyuta yake namna vyuo vinavyopima idara zao za michezo siku hizi. Mechi walizoshinda, mechi walizofungwa, wachezaji waliofaulu darasani, waliovunjika miguu, yote yamegeuzwa tarakimu, na mwisho idara inapewa alama. "Mzee, tarakimu hazina chuki na mtu," akanambia, anacheka. Nikamwambia aifunge hiyo mashine yake kabla sijaifunga mimi. Mkewe akadhani nimepandwa na presha, akaniletea maji. Haikuwa presha. Ilikuwa hasira, na nnayo toka mwaka wa sitini na nane.

Unguja nilikuwa mwalimu wa michezo skuli. Baada ya mambo ya sitini na nne tukatawanyika, kila mmoja na pa kukimbilia. Mimi, baada ya kuhangaika, nikaishia Maskati. Mdogo wangu wa kike alikuwa Matrah, mji wa bandari wa jirani, na mumewe. Mamangu alikwama Dubai, kabanana chumba kimoja na watu asiowajua, maji ya kununua, na kila barua aliyonipelekea ilikuwa na swali moja tu: lini?

Kuingia Maskati zama zile hakukuwa jambo la kukata tiketi ukaja. Ukiwa umezaliwa Unguja, hata kama babu yako kazikwa nchi hiyo hiyo, Nizwa, lazima mtu akudhamini, na huyo mdhamini naye awe kasimama imara. Mimi nilikuwa nimeajiriwa na kampuni moja ya mafuta, kwenye chuo chao cha kufundishia vijana ufundi, pwani nje ya mji. Niliwaanzishia idara ya michezo. Lakini nilikuwa kazini kwa majaribio. Meneja, Muingereza mrefu aliyekuwa akiungua jua mpaka masikio, alinambia wazi: "Idara yako ikithibitishwa, na wewe umethibitishwa. Siku hiyo hiyo nnakuandikia barua ya kumdhamini mama yako." Kwa hiyo nilipokuwa nikiwakimbiza wale vijana kwenye kokoto, ilikuwa namkimbilia mamangu.

Nasema kokoto, maana jani halikuwapo. Kiwanja tulikisafisha wenyewe kwa makarai, mistari tukaipiga kwa chokaa, na upepo ukija mistari inahama. Vijana wenyewe wengi walikuwa hawajapata kucheza mpira na mtu wa kuwafundisha. Wengine wakicheza na dishdasha wamezikunja kiunoni. Lakini mioyo walikuwa nayo, wallahi, na miguu ilikuwa imekomazwa na milima. Kwa miezi michache tu nikawa nna timu ya kutisha. Mamangu huko Dubai alipowaambia watu kuwa mwanawe anasomesha chuoni, wote wakafahamu ni chuo cha Qur'ani, wakawa wanamwomba nimwombee huyu dua na yule dua. Hakuwasahihisha. Alinambia kwenye barua nisimuumbue.

Sasa hebu nikwambie khabari ya shemeji.

Mume wa mdogo wangu alikuwa Mzanzibari kama sisi, lakini alichukuliwa na babake kupelekwa Cairo angali mtoto mdogo, akasomea huko, kisha Kuwait. Kiarabu chake kilikuwa cha redioni. Kiingereza chake kilikuwa kimepigwa pasi. Kiswahili chake kilikuwa cha mamake, yaani cha ndani ya nyumba: cha kuomba chai, cha kuulizia nguo, cha kuambiwa kalale. Mpira hajapata kuugusa hata na ncha ya kiatu. Mtu huyu ndiye kampuni ilimchukua kuanzisha ofisi ya vipimo. Kazi yake kuipima kila idara kwa tarakimu, amwambie meneja ipi ibaki na ipi ifutwe. Akapima jiko. Akapima karakana. Akapima zahanati. Kisha akaja kwangu, kavaa miwani ya jua, kasimama nje ya mstari wa chokaa asichafue viatu.

"Shemeji," akanambia, "mimi na wewe ni jamaa, lakini kazini sina jamaa."

"Mimi nnaye," nikamwambia. "Mkeo ni ndugu yangu."

Hakucheka. Alikuwa hacheki yule. Akanieleza kuwa kila Ijumaa jioni atanipigia simu pale chuoni, kambini tulipokuwa tukilala, nimpe khabari za wiki kwa mkato, maneno mawili matatu, bila ya hadithi. Yeye atazitia katika kipimo chake. Ati hadithi zinaharibu tarakimu. Nikaona kheri, na mimi sipendi kuzungumza naye sana.

Na kwa kweli tulianza vizuri mpaka nikaogopa. Ijumaa ya kwanza tuliwachapa vijana wa Matrah. Ya pili, askari wa Ruwi. Tukenda Qantab kwa mashua, tukacheza na wavuvi kwenye mchanga, tukawatoa jasho. Kisha tukarudiana na Matrah, tukawachapa tena. Kila Ijumaa simu inalia, na mimi nnampa kwa mkato kama alivyotaka.

"Enhe, nambie."

"Tumeshinda Matrah."

"Tena?"

"Tena! Si nilikwambia?"

"Kutwa?"

"Kutwa! Toka mwanzo mpaka mwisho. Hawakupumua."

Nasikia kalamu inakwaruza. "Haya," akasema, na simu akaikata.

Nikajisemea, mtu huyu ana husuda. Badala ya kunipa hongera, sauti inazidi kuwa kavu kila wiki. Nilipomwambia tumeshinda Qantab, akashusha pumzi kwa nguvu, akauliza kama hatuna kazi za kufanya. Nikamjibu kazi yetu ndiyo hiyo. Simu nikaibwaga.

Kisha tukafungwa. Ilikuwa Maskati penyewe, na timu ya watu wazima. Kipa wangu alitoka golini kama kapotea njia. Usiku ule simu ikaja.

"Tumefungwa Maskati," nikamwambia, na uchungu nnao.

"Mmefungwa? Nyote?"

Nikaona swali la ajabu, lakini yeye mpira haujui. "Sote. Nani angemnusuru mwenziwe?"

"Kwa kosa gani?"

"Kosa la kipa. Katoka pasi na kutazama."

"Yuko wapi sasa?"

"Kalala. Goti limemvimba, walimkanyaga."

"Ya Rabbi! Na nyinyi mmeshatoka?"

"Tumetoka toka magharibi, tuko kambini."

"Alhamdulillahi," akasema, sauti nyonge kabisa. Wallahi nilimpenda kwa dakika moja. Nikasema kumbe ana utu, kaona uchungu wetu wa kufungwa.

Na wiki iliyofuata, tulipotoka sare na makarani wa Kihindi wa bandarini, bwana yule akafurahi mpaka nikaitazama simu. "Sare? Nyote?" Sote, nikamwambia, sisi na wao. "Ahsanta, shemeji! Hiyo ndiyo khabari nnayoitaka." Nikabaki nashangaa. Mtu gani huyu anayefurahi kwa sare, na ushindi unamnunisha? Nikamwambia mdogo wangu mumewe ana kichaa. Akanambia nimwache mumewe, nishughulikie mama.

Msimu ukaisha. Nikaitwa ofisini kwa meneja kuamuliwa. Nilivaa kanzu mpya, nikapiga udi, nikenda kama bwana harusi. Dubai nilikuwa nshapeleka barua kuwa mambo yamekaribia, na mamangu akaanza kugawa vyombo vyake kwa majirani. Mezani alikuwepo meneja, shemeji na makaratasi yake, na mkuu wa stoo, mzee wa Kipemba aliyekuwa akikaa kwenye vikao vyote kwa sababu ya umri wake. Mimi nikapewa kiti cha mwisho.

Shemeji akasimama akasoma, kwa Kiingereza. Idara ya michezo, akasema, imewatoa vijana nje ya chuo kutwa nzima, wiki baada ya wiki: kutwa Matrah, kutwa Ruwi, kutwa Qantab, tena Matrah. Nikageuza kichwa. Mara moja, akaendelea, vijana pamoja na mwalimu wao wametiwa ndani na wakuu wa Maskati, na mmoja kapigwa goti. Upande wa usafi na mavazi, idara inastahiki sifa, maana vijana wote wametoka na sare zao. Ama ushindi, kwa msimu mzima hakupokea khabari hata moja kuwa wamefaulu.

Hapo mwanzo sikufahamu kitu. Niliona labda kachukua karatasi za idara nyengine. Meneja akawa ananitazama kwa masikitiko. Siku zile ukionekana Maskati baada ya mzinga wa usiku wa kufunga milango ya mji na huna taa mkononi, unalazwa ndani kweli, kwa hiyo yeye hakuona ajabu. "Ulifungwa na vijana wetu," akanambia, "na hukuniambia?"

Ndipo ikaniingia. Iliniingia polepole, neno kwa neno, na kila neno lilipoingia nikazidi kuona moto. Kushinda. Kufungwa. Sare! Mtu huyu kila nilipomwambia tumeshinda, kaandika kuwa tumekwenda kukaa kutwa. Nilipomwambia tumefungwa, kanitia jela. Na sare, ambayo kwetu ni nusu ya msiba, kaipa alama kwa kuvaa vizuri, na vijana wangu fulana hawana!

Niliinuka, kiti kikaanguka. Nilimwambia maneno kwa Kiswahili ambayo siwezi kuyaandika hapa, wajukuu wanasoma. Nikamwambia, "Ewe bwana wee, hujui maana ya kushinda?"

"Nnajua," akasema, na hakutikisika. "Kushinda ni kukaa pahala kutwa. Mamangu akiniuliza umeshinda wapi leo, anataka kujua nilikuwa wapi. Uliza mama wa mtu yeyote."

"Uliza mwanamme yeyote! Uliza mtu aliyepata kuona mpira!"

"Wewe ulitakiwa useme tumefaulu."

"Tumefaulu? Ilikuwa mtihani wa hisabu?"

Nikamgeukia meneja, nikamweleza kwa Kiingereza. Neno moja, maana mbili. Nikamwambia mechi tulizoshinda zote, timu kwa timu, na nani alifunga. Meneja akatusikiliza, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akatoa kitambaa akajifuta macho. Mimi nikaona nimeokoka. Nikasema moyoni, mama, panga mizigo.

Meneja akamuuliza mkuu wa stoo: nani msema kweli?

Yule mzee akakohoa. Akamtazama shemeji, akanitazama mimi, na nikamwona anapima nani ana cheo. "Wote wawili wasema kweli," akasema. "Kushinda ni huko na kushinda ni huku."

"Mzee!" nikamwambia. "Mtu akikwambia tumeshinda Matrah, na mpira kwapani, utafahamu nini?"

"Kwa simu mpira hauonekani," akanijibu. Sijapata kumtamani mtu nimpige kibao kama nilivyomtamani mzee yule, Mungu amrehemu.

Meneja akaacha kucheka. Akazikusanya karatasi za shemeji, akazitia pembeni. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, kuwa ameniamini. Tarakimu hizi zimeharibika, hazifai, hatozitumia. Lakini kwa sheria ya sasa idara haithibitishwi bila ya tarakimu. Kwa hiyo idara ya michezo inasitishwa, na mwakani, ikiwezekana, itapimwa upya toka mwanzo. Mimi nitahamia stoo, kwa muda, chini ya mzee.

"Na barua ya mamangu?" nikamuuliza.

"Ukithibitishwa," akasema.

Yaani tarakimu za uongo zilikuwa na nguvu ya kuniponda, na nilipothibitisha kuwa ni za uongo, zikakosa nguvu ya kuniinua. Wanieleze hao wanaosema tarakimu hazina chuki. Nilitoka pale sioni mbele. Vijana walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha karakana wananingoja. Niliwapita kichwa chini, wakafahamu.

Jioni nilikwenda Matrah nyumbani kwa shemeji. Sikubisha hodi, niliingia. Alikuwa anakula. Nikamwambia mbele ya mkewe kuwa yeye ni hasidi, mjinga wa lugha ya mamake, kaniulia kazi na kamwacha mama mkwe wake anunue maji ya ndoo Dubai. Akaniambia mimi ni mtu wa vurugu na mpira wangu ni mchezo wa watoto, na kama nilitaka nieleweke ningeandika kwa Kiarabu. Nikamwambia Kiarabu ninacho cha kumtukania. Akainuka. Mimi nikakunja mikono ya kanzu. Wallahi tungepigana, watu wazima na ndevu zetu, juu ya mkeka wa chakula.

Mdogo wangu akaingia katikati. Hakupiga kelele. "Nyinyi mnagombania neno," akasema, "na mamangu analala sakafuni kwa watu." Kisha akamgeukia mumewe. "Wewe umethibitishwa zamani. Unaweza kumdhamini. Mdhamini wewe."

Mimi nikaishusha mikono ya kanzu. Jambo hilo lilikuwa linajulikana toka mwanzo, na hapana aliyelitaja, kwa sababu ya haya. Mama mwenye mtoto wa kiume hakai kwa mkwe. Watu watasema nini? Watasema mwanawe hana pa kumweka. Nilikuwa nimekataa shauri hilo kabla halijasemwa, na shemeji mwenyewe, lazima niseme, hakupata kulileta, aliniachia heshima yangu.

"Mama yangu anakuja kwangu," nikamwambia mdogo wangu.

"Lini?" akaniuliza. Lilikuwa swali lile lile la barua.

Shemeji akaandika barua asubuhi yake. Haikuchukua hata mwezi. Meneja alitia saini mara moja, maana mtu wa vipimo alikuwa mtu wake. Mamangu akashuka Matrah na kijibegi kimoja na birika, kakonda, macho yamemwingia ndani. Nilimwinamia nikambusu kichwa. Akalia, akanishika mashavu, akasema nimekonda mimi. Kisha akauliza, "Yuko wapi mkwe wangu?" Shemeji akasogea. Mamangu akaushika mkono wake, akamwombea dua ndefu pale pale, mbele ya mahamali wa kubeba mizigo, akawaombea na watoto wake wasiozaliwa bado, na mimi nimesimama nimeshika birika.

Idara haikupimwa tena. Mwakani ulikuja, wakasema mwakani. Kiwanja wakakijengea bohari. Nilikaa stoo kwa yule mzee nikihesabu misumari, na kila Ijumaa badala ya mpira nikenda Matrah kumwamkia mamangu katika nyumba ya mtu niliyekuwa simuamkii. Nabisha hodi, nangojea niruhusiwe, napewa kahawa. Mamangu ananisimulia: mkwe wangu kaninunulia feni, mkwe wangu kaniletea daktari, mkwe wangu hapandishi sauti. Habari ya kushinda na kufungwa hatukumwambia. Mdogo wangu alituapisha sote wawili, ili bibi wa watu ale kwa raha.

Ukaja mwaka wa sabini, Sultani mpya akaingia, milango ikafunguliwa, watu wakaanza kurudi kwa mafungu na kazi zikawa zinawatafuta watu. Mimi nikapata kazi serikalini, cheo kizuri, na nyumba ya vyumba vitatu. Kimoja nilikipaka chokaa mwenyewe, nikatia kitanda cha besera, chenye nguzo za chandarua, na zulia, nikanunua na mtungi. Nikakodi gari. Nikenda Matrah kumchukua mamangu.

Alikuwa amekaa barazani anachambua mchele. Nikamwambia, "Mama, inuka. Nyumba yako tayari."

Alifurahi, wallahi alifurahi. Akaniuliza madirisha yanatazama wapi, akaniuliza kama jiko lina moshi. Kisha akarudi kwenye mchele wake. "Nitakuja kutembea, mwanangu," akasema. "Lakini kuhama sihami. Nimekaa Dubai nnakungoja wewe mpaka nikakata tamaa, na huyu ndiye aliyenitoa. Leo nimwache kwa sababu wewe umepata nyumba?"

Ningefungua kinywa, ningeyatapika yote. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, miwani mkononi. Angeweza kusema, maana alijua tarakimu zake ndizo zilizoizuia barua yangu. Alinitazama tu, na nikaona ananingoja nimtaje.

"Na jengine," mamangu akasema, bila ya kuinua macho. "Sijapata kukusikia hata siku moja ukimwambia ahsante. Mtu mzima wewe. Mwambie."

Nikamgeukia. Nikamwambia, "Ahsante, shemeji."

Mamangu akaridhika, akaupepeta mchele. Alikaa nyumba ile mpaka alipotolewa kwenda kuzikwa, na jeneza lilitokea mlango wa shemeji, si wangu.